Uyoga wa Nyuma ya Bafu

4 Machi

Kwa mke mwenzangu mdogo,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na nikisema hatujambo nina maana mimi na kuku watano. Wa sita tuliwachinjia wageni wa msiba, wale waliosahau kuondoka. Paa la jikoni linavuja palepale. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako alipita Ijumaa, akafagia kila mahali pasipo na uchafu, akalia kidogo stoo akidhani simsikii, akaaga.

Mume wetu bado amekufa. Wiki ya sita hii na hajabadili msimamo, ubishi wa babu yako unaujua. Saa zake kumi na moja ziko ukutani na kila moja inapiga kwa wakati wake. Fundi saa wa miaka arobaini, na nyumbani kwake saa sita ya mchana inachukua dakika ishirini kwisha.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka Jumapili ile ya mwezi wa kwanza alichuma uyoga mweupe nyuma ya bafu, chini ya msonobari. Nikaupika mimi, akaula yeye, Alhamisi akafa. Daktari aliandika kwamba ni ini. Wifi yangu, dada yake, anaandika kwamba ni mpishi. Haandiki kwa kalamu, anaandika kwa mdomo, nyumba hadi nyumba.

Mvua imenyesha na uyoga umetoka tena palepale. Nakutumia miwili. Wewe ndiwe mwenye kazi ya kuvipa majina vitu ambavyo havikuuliza. Usiniandikie Kilatini. Nataka kujua jambo moja tu: sufuria yangu ndiyo iliyomuua mume wangu, au siyo?

Usipige simu. Simu hukatika panapouma. Niandikie.

Halafu, mwezi wa kwanza hukupata barua nyingine kutoka hapa nyumbani? Nauliza tu.

Bibi yako


22 Machi

Mke mkubwa, shikamoo.

Mimi mzima. Chumba nilichopanga kimepata dirisha jipya, sasa namwona jirani akipiga mswaki na yeye ananiona nikila. Kazini, hapa makumbusho ya mimea na wanyama, tumeletewa kabati mbili za chuma na hakuna aliyeleta funguo. Mkuu wa idara, tunayemwita Bwana Kuvu nyuma ya mgongo wake na mbele yake pia, amepasua kabati moja kwa bisibisi na kujikata kidole. Ameandika ripoti.

Bibi, mfuko wako umefika. Uyoga haukufika. Uliufunga kwenye plastiki, na siku tisa ndani ya plastiki ziliugeuza supu. Karani wa mapokezi aliubeba kwa ncha za vidole mpaka mezani kwangu, akasema, "Umeletewa chakula cha mchana." Tangu hapo hanisalimii.

Tuanze upya. Chukua uyoga mwingine. Usiukate kwa kisu, uchimbe mpaka chini kabisa, utoke na udongo wake. Usiuoshe. Ufunge kwenye gazeti, siyo plastiki. Na mmoja ukate kofia, uilaze juu ya karatasi, ile sehemu yenye vijikunjo vingi itazame chini, kisha uifunike kwa glasi mpaka kesho yake. Kofia itadondosha vumbi laini, ndizo mbegu zake, na vumbi litachora umbo kwenye karatasi. Rangi ya vumbi hilo inatuambia mengi. Tunafungua mlango wa ukoo kwa rangi, halafu ndani ya ukoo tunatafuta nyumba, halafu chumba.

Samahani barua ni fupi. Nina bahasha zaidi ya mia tatu zinangoja zamu.

Mjukuu wako


9 Aprili

Kwa mke mdogo mwenye haraka,

Hujambo? Hapa kuku mmoja ameamua kutagia ndani ya kiatu cha babu yako, cha kulia. Nimemwachia. Ni mara ya kwanza kiatu kile kinaleta kitu nyumbani.

Nimefanya ulivyosema, isipokuwa pale ulipokosea. Uyoga nimeukata kwa kisu, kwa sababu sijalelewa kung'oa chakula na matope yake kama nguruwe. Nimeuosha pia. Siwezi kupeleka kitu kichafu ofisini kwa watu ukaaibika, hasa baada ya ile supu.

Karatasi nimechana kwenye kitabu cha risiti cha babu yako, upande usio na maandishi, mweupe safi. Glasi nimetumia ile aliyokuwa akilaza meno yake. Haina kazi nyingine sasa, meno ameondoka nayo. Kila asubuhi alikuwa akiyavaa kabla ya kunisalimia, eti salamu bila meno ni uvivu. Nimeikumbuka sauti ya meno yakigonga glasi, nikakaa kidogo.

Asubuhi nimefunua. Karatasi ni tupu! Nimevaa miwani, nimevua miwani, hakuna kitu, hata doa. Uyoga wangu hauna siri. Nikaichukua karatasi mpaka kwa wifi, nikamwekea mbele ya chai yake, nikamwambia, "Tazama. Safi kama ulivyozaliwa." Akasema, "Hii ni karatasi." Nikamwambia, "Ni sayansi." Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Nakutumia karatasi hiyo na uyoga uliokauka juani. Niandikie tu neno moja la kuthibitisha, nimwoneshe.

Lile swali langu la barua ya mwezi wa kwanza hukulijibu. Labda wino uliisha.

Bibi yako asiye na hatia


27 Mei

Bibi, shikamoo.

Natumaini hujambo na goti pia. Samahani nimechelewa, tulikuwa na ukaguzi.

Ofisini kumeingia paka. Alianza kulala juu ya kabati la ndege waliokaushwa, tukadhani ana nia mbaya, kumbe anapenda joto la taa. Bwana Kuvu amempa namba ya usajili. Kuna mabishano kama apewe lebo ya kijani ya wanyama au ya njano ya vifaa vya ofisi. Mhasibu anasema paka asiye kwenye orodha hawezi kununuliwa maziwa. Jana tumemkuta kwenye droo ya magugu akiwa amezaa, kwa hiyo sasa tuna namba nne zaidi, na lile jina la kiume alilopewa limeleta aibu idarani.

Mvua huku ni nyingi. Nimenunua mwavuli.

Karatasi yako imefika, na uyoga.

Nina maswali mawili madogo. Siku ile Babu alikula saa ngapi, na alianza kuumwa saa ngapi? Na wewe, ulikula?

Mjukuu wako


10 Juni

Wewe binti,

Nimesoma barua yako mara tatu. Paka nimemjua mpaka uzazi wake. Mume wangu ana mstari mmoja, na karatasi yangu ina neno "imefika". Mwavuli pia hongera.

Nimekulea miaka minne wewe. Ulipovunja kioo cha saa ya mteja wa babu yako ulikuja jikoni ukanieleza juu ya mbuzi wa jirani kwa nusu saa nzima. Nikajua kuna kioo mahali.

Majibu yako haya hapa. Alikula mchana. Jioni alikuwa mzima, anapiga mluzi, akanitania kwamba nimenuna kama saa isiyotiwa ufunguo. Alfajiri ndipo tumbo lilipomgeuka, akatapika siku nzima. Jumanne akapata nafuu. Akaomba chai, akamuuliza muuguzi kama sindano yake inauzwa kwa mita. Sote tukacheka, mama yako akaenda kulala. Jumatano macho yakawa ya njano. Alhamisi unaijua.

Kuhusu mimi kula: siku hiyo sikuwa na njaa.

Sasa zungumza. Mimi si yai, sitavunjika. Na nikivunjika, nina miaka sabini na mbili, nimeshatumika vya kutosha.

Bibi yako


29 Juni

Bibi yangu, shikamoo.

Sina habari za kuanzia. Nimejaribu kuanza na paka tena, nikachana.

Karatasi yako haikuwa tupu. Nilipoipokea niliilaza dirishani nikaitazama kwa ubavu, jinsi unavyotazama vumbi mezani. Lilikuwapo duara zuri, limejaa mistari myembamba kama ile ya dakika kwenye uso wa saa. Vumbi jeupe juu ya karatasi nyeupe. Kazini tunatumia karatasi iliyo nusu nyeusi nusu nyeupe kwa sababu hiyohiyo, kila mwanafunzi anaambiwa siku ya kwanza. Nilikuandikia kwa haraka nikasahau. Ukaenda kwa wifi yako na ushahidi dhidi yako mwenyewe, ukarudi katikati ya barabara.

Vumbi jeupe peke yake halimfungi mtu. Upo uyoga mwingi mwema wenye vumbi jeupe. Kinachoamua ni shina lake chini ya udongo, na wewe ulilikata. Kwa hiyo ningeweza kukuandikia kwamba haijulikani, na ingekuwa kweli. Niliiandika barua hiyo. Ilikaa mkobani mwezi mzima.

Uliniuliza mara mbili kuhusu barua ya mwezi wa kwanza. Ipo. Ilifika hapa tarehe kumi na tano Januari, bahasha nono, mwandiko wa Babu. Niliitia kwenye trei pamoja na nyingine bila kuifungua. Unakumbuka mwaka juzi alinitumia kipande cheusi, eti kuvu wa ajabu kutoka kwenye ukuta, nikakaa nacho siku tatu kwenye hadubini, nikamwita Bwana Kuvu, Bwana Kuvu akaita wageni, na kilikuwa soli ya ndala? Walinicheka mpaka mwaka ukaisha. Nikaapa kwamba bahasha ya Babu itangoja zamu kama ya mtu mwingine. Baada ya mazishi sikuweza kuigusa. Nimeifungua wiki hii.

Ndani mna uyoga mzima, umechimbwa vizuri, umepasuliwa katikati kwa ule wembe wake wa kazi, umekaushwa kama tunavyokausha sisi. Chini ya shina pana kikombe. Shingoni pana pete. Vijikunjo vyeupe. Hakuna kinachokosekana, Bibi, hata wanafunzi wangu hawachimbi vizuri hivyo. Tuliuangalia watu watatu, mimi na Bwana Kuvu na mtu wa idara nyingine asiyejua ni wa nani, kila mmoja peke yake. Tumesema jina moja. Ndio unaoua. Humwacha mtu atambe jioni, humpa nafuu ya uongo siku ya pili, kisha hulirudia ini. Kupika hakuusaidii kitu, hata ungeupika wiki.

Na karatasi yake hii hapa, nainakili:

"Mke mdogo, nimempata huyu nyuma ya bafu. Ni mzuri mno. Wa kuliwa au wa kuzikia? Bibi yako anasema tungoje jibu. Najua wewe ni mtu wa foleni. Nakupa siku kumi na nne. Ukikaa kimya nitahesabu umesema ndiyo. Leo ni tarehe 6."

Aliula tarehe 21. Alihesabu sawasawa. Hiyo ndiyo saa pekee aliyoifuata maishani mwake.

Sufuria yako haikumuua, Bibi. Nimemuua mimi.

Mjukuu wako


14 Julai

Mjukuu wangu,

Barua yako ilifika asubuhi, nikaisoma nimesimama, kisha nikakaa juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Nimekaa humo muda kabla sijagundua.

Nilijua ile barua ilitumwa. Nilimuona akiifunga gundi kwa ulimi. Nimekuuliza mara mbili kwa sababu nilikuwa naomba ipotee njiani, posta iwe na lawama, posta hawana bibi.

Sasa na mimi nikupe yangu. Si kweli kwamba sikuwa na njaa. Jumapili ile aliingia na bakuli limejaa, anasema siku zimekwisha, mjukuu amekubali. Nikamwambia, "Mtoto hajajibu." Akasema, "Kimya ni jibu." Tukagombana mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Halafu nikaupika. Kwa hasira, na pilipili mara mbili ili imkomeshe. Nikamwekea sahani nikamwambia, "Kula peke yako, na ukifa usinisumbue." Mimi nikala mkate mkavu kule stoo. Alikula wote akafuta sahani kwa kidole, akaniita niione ilivyo safi. Sikwenda kuiona.

Ndiyo maana sikukujibu ukweli. Wifi aliuliza mbele za watu, "Mbona yeye hakula?" Nami sikuwa na la kusema ambalo halikuwa baya zaidi.

Sasa nisikilize. Nimelia, nimemaliza, nimeanza tena, na katikati nimefikiri. Wewe ulinyamaza, mimi niliwasha moto, yeye alishika kijiko. Mtu aliyeshika kijiko alikuwa na miaka sabini na tano na akili zake zote. Mtu mzima anayempa mwenzake siku kumi na nne kuhusu tumbo lake mwenyewe, huyo, kuvu amemkuta tayari yuko njiani. Hukumuua. Ukiandika tena neno hilo nitakuja huko na goti langu hili nikuchape mbele ya Bwana Kuvu.

Lakini ndugu hawatalielewa hivyo. Wewe una miaka mingi ya kukaa nao kwenye harusi na misiba. Mimi nina michache na nimeshazoea kutazamwa. Jumapili naenda kwa wifi kumwambia ulikuwa uyoga, na mpishi ni mimi, basi. Ya bahasha yanaishia kwetu wawili. Ichome.

Mke mwenzako


25 Julai

Bibi, shikamoo.

Barua yako imefika leo. Umechelewa.

Tarehe kumi na mbili nilimwandikia wifi yako mwenyewe. Kurasa nne. Nimemweleza bahasha, trei, soli ya ndala, nimemnakilia na maneno ya Babu. Sikuweza kukaa huku nikisema majina ya kweli ya vitu siku nzima kwa mshahara, halafu kwa dada yake Babu nikanyamaza tena. Kunyamaza nimeshakujaribu.

Bahasha siwezi kuichoma. Uyoga wa Babu umeingia kabatini kwa namba yake. Penye "mahali" nimeandika: nyuma ya bafu, chini ya msonobari. Penye "mkusanyaji" nimeandika: fundi saa. Bwana Kuvu alisoma, akauliza, "Ndiye yule wa soli?" Nikasema ndiye. Akavua miwani akaifuta muda mrefu, akasema ni sampuli bora kuliko zote za mwaka huu.

Nina hofu ya jinsi wifi yako alivyoipokea. Niambie, hata kama ni vibaya.

Na Bibi, sahani isingekuwa tofauti hata ungekwenda kuiona.

Mjukuu wako


6 Agosti

Kwa mke mdogo asiyesikia,

Jumapili nilikwenda kwa wifi nimevaa vizuri, nikamwambia, "Ni uyoga, na niliupika mimi." Alinitazama, akasema, "Nilijua." Hakunikaribisha chai. Nikarudi nyumbani, safari hii pembeni ya barabara.

Siku ya nne akaja, hodi hakupiga. Kurasa zako nne mkononi, zimekunjwakunjwa kama noti ya sokoni.

"Huyu mtoto anasema ni yeye," akasema. "Wewe unasema ni wewe. Kaka yangu ni mmoja. Mnataka kumuua mara ngapi?"

Nikamwambia, "Keti kwanza, wifi."

"Siketi! Kila mtu katika ukoo huu anagombea!"

Akaketi. Akaniambia nimsomee ile karatasi ya babu yako, miwani yake ameisahau. Uongo, ilikuwa kichwani kwake. Nikasoma. Nilipofika "nakupa siku kumi na nne" nikasikia sauti, nikadhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yanadondoka kwenye kurasa zako, wino wote ukatembea.

"Alipokuwa na miaka saba," akasema, "alimwambia baba: nahesabu mpaka kumi, ukiwa hujajibu napanda paani. Baba alikuwa amelala."

"Akapanda?"

"Akavunjika mkono. Tukiwa tunamfunga akasema, si nilihesabu?"

Kisha nikamwambia na ile ya mkate mkavu, na maneno niliyomwambia kaka yake kwa mdomo wangu. Akasema, "Mimi ningemmwagia sahani kichwani." Akaongeza, "Na leo tungekuwa naye." Halafu akauliza jembe liko wapi.

Najua utasema kung'oa hakusaidii, kwamba uyoga wenyewe uko chini ya udongo na huu wa juu ni matunda tu. Mwache ang'oe. Yeye alichimba, mimi nikabeba karai. Tulipofika kwenye ule mkubwa kuliko wote, mweupe, na pete yake shingoni, aliinama akautazama kwa muda.

"Lakini ni mzuri," akasema.

"Ndivyo alivyosema na yeye," nikamjibu, na hapo akaushindilia jembe.

Bibi yako